Usifukie Sumu: Itakurudia Kisimani

Mwezi uliopita mzee mmoja wa skimu alifika ofisini kwetu, akasimama dirishani, akaniuliza: "Karani, nina dawa ya zamani ya kunyunyizia kahawa. Imeganda, na karatasi yake imebanduka. Je, nichimbe shimo refu niifukie, watoto wasiiguse?"

Swali hilo ni la mtu mwenye busara, kwa maana aliwafikiria watoto. Lakini jibu ni hapana. Usiifukie. Tafadhali soma sababu, kwani huenda nawe unayo dawa kama hiyo ghalani.

MAJI YALIYO CHINI YA ARDHI

Watu wengi hudhani ya kwamba chini ya ardhi kuna mto au ziwa lililofichika. Kwa kawaida sivyo. Mvua inyeshapo, sehemu ya maji hutiririka mtoni, sehemu hunywewa na mimea, na sehemu huzama polepole katika udongo wetu mwekundu mpaka ifike penye nyufa za mawe ya volkeno. Hapo maji hukaa, na husafiri pole pole kufuata mteremko wa Mlima Kenya. Penye bonde hutokea nje, nasi huyaita chemchemi.

Chemchemi hizo ndizo hulisha mito wakati wa kiangazi. Kathita hupita Meru mjini, na Rupingazi hupita Embu mjini, kisha maji yake huenda mpaka Tana. Kwa hiyo kinachozama katika shamba lako leo chaweza kufika katika kikombe cha mtu usiyemjua, au katika kisima chako mwenyewe.

JARIBU HAYA NYUMBANI

Chukua mkebe mtupu ulio safi, utoboe matundu chini kwa msumari, uweke kitambaa ndani, ujaze mchanga uliooshwa vizuri. Tia kijiko kimoja cha chumvi juu yake. Sasa mimina maji ya kunywa kidogo kidogo, na ukinge kikombe chini. Maji yatakayotoka ni meupe, huwezi kuona kitu. Yaguse kwa ulimi, kisha uteme. Ni ya chumvi!

Endelea kumimina maji safi, na uhesabu vikombe vingapi vitapita kabla ladha ya chumvi haijaisha. Hapo umejifunza mambo mawili. La kwanza, maji meupe si lazima yawe maji safi. La pili, kijiko kimoja kilitiwa mara moja tu, lakini kukitoa ni kazi ya vikombe vingi. Usifanye jaribio hili kwa dawa yoyote, chumvi yatosha.

YALIYOWAPATA WENGINE

Katika Marekani, karibu na Boston, uko mji uitwao Woburn. Kwa miaka mingi ulikuwa na viwanda vya ngozi na vya kemikali. Mwaka 1964 na mwaka 1967 mji huo ulifungua visima viwili vya maji ya kunywa, vikaitwa G na H. Watu walilalamika kwamba maji yana harufu na ladha mbaya. Mwaka 1979 mapipa ya taka za viwanda yaliyotupwa yalionekana karibu na visima. Maji yakapimwa, yakakutwa na trikloroethilini, dawa ya kuondolea grisi katika vyuma. Visima vikafungwa. Lakini watoto kadhaa walikuwa wamekwisha kupata saratani ya damu, na uchunguzi wa jimbo la Massachusetts katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao mama zao walikunywa maji hayo wakati wa mimba.

Usiseme hayo ni mambo ya viwanda vya ng'ambo. Huko Vikuge, katika Mkoa wa Pwani wa Tanzania, shamba la serikali lilipokea mwaka 1986 karibu tani 170 za dawa za wadudu kutoka Ugiriki. Dawa ziliwekwa katika banda lililokuwa wazi, nalo banda likaanguka. Miaka mingi baadaye wataalamu walipima udongo na maji ya mahali hapo, wakakuta DDT na sumu nyingine. Huko hapakuwa na kiwanda. Ilikuwa ni dawa ya shamba tu, kama ile ya mzee wetu.

YATUPASAYO KUFANYA

"Basi niiweke wapi?" akauliza mzee. Haya ndiyo niliyomwandikia katika karatasi:

1. Dawa ya zamani ikae katika chombo chake, juu ya ubao, penye paa na kufuli, mbali na chakula. Mwarifu Bwana Shamba wa wadi yako. Kuiharibu ni kazi ya mtu aliyepewa leseni na NEMA.

2. Chupa ikiisha dawa, isuuze mara tatu, na maji hayo uyatie katika bomba unyunyizie mimea iliyokusudiwa. Kisha itoboe, isiwe chombo cha maji.

3. Usioshe bomba mtoni wala kisimani. Oili ya gari au ya mashine usiimwage chini.

4. Josho la zamani usilichimbe wala usipande mboga hapo. Majosho ya kale yalitumia arseniki, nayo haiozi.

5. Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko.

6. Katika mkutano wa chama cha kahawa, uliza maji machafu ya kiwanda yanakwenda wapi, na mashimo yake yako umbali gani na mto. Wewe ni mwanachama, kuuliza ni haki yako.

7. Kabla ya kuchimba kisima cha mashine, pata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA), na maji yakitoka yapimwe kemikali, si vijidudu peke yake.

Na jambo moja usilisahau: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi arseniki wala risasi. Maji yakipungua sufuriani, sumu hizo hubaki zote.

Katika skimu mashamba yetu yamepakana, na kisima cha mmoja kiko chini ya ghala la mwingine. Mzee yule hakuchimba shimo. Jirani yake wa upande wa chini hana habari ya jambo hili, naye anaendelea kuteka maji. Maji yakimwagika hayazoleki. Na sumu ikizama, ni hivyo hivyo.