Safari ndefu za magari ya umeme zategemea miji midogo

UMEME umefika katika miji mingi midogo nchini, lakini hilo pekee halimhakikishii mwenye gari la umeme kwamba atapata mahali pa kulichaji akiwa safarini.

Mfano bora ni Mtito Andei katika kaunti ya Makueni, mji ulio karibu nusu ya safari katika barabara kuu ya Nairobi-Mombasa, yenye urefu wa kilomita 480 hivi. Kwa miaka mingi mabasi na malori yamekuwa yakisimama hapo ili abiria wale na madereva wapumzike.

Gari dogo la umeme hutumia takriban yuniti 15 hadi 18 kwa kila kilomita 100. Safari nzima basi huhitaji yuniti zipatazo 80, kiasi ambacho betri za magari mengi haziwezi kubeba. Nissan Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2010, ilikuwa na betri ya yuniti 24 na isingefika hata Mtito Andei. Anayetoka Mombasa hutumia umeme mwingi zaidi, kwa sababu Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari.

Kuna pia suala la muda. Mashine ya kilowati 7 huchukua saa nane au tisa kujaza betri ya yuniti 60, ilhali ya kilowati 50 huchukua saa moja na nusu hivi.

Lakini mashine hiyo ya kasi ina gharama yake. Transfoma ya kVA 50, ambayo ni ya kawaida mashambani, ingezidiwa na mashine moja tu, hata kabla ya nyumba na maduka kupata umeme. Mwekezaji hulazimika kugharimia transfoma yake, huku wateja wakiwa wachache.

Isitoshe, magari yaliyoundwa kwa masoko ya Japani, Ulaya na Uchina hutofautiana katika plagi za kuchaji kwa kasi. Kituo chenye plagi ya aina moja huwafaa baadhi tu ya wasafiri.

Bei ya umeme si kikwazo kikubwa. Mnamo Aprili 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilianzisha bei maalumu ya kuchaji magari: Sh16 kwa yuniti, na Sh8 saa ambazo matumizi ya umeme ni ya chini, kabla ya ushuru na tozo nyinginezo. Bei hiyo iliwekewa kikomo cha yuniti 15,000 kwa mwezi.

Kwa mji mdogo, njia nafuu ni kuanza na mashine za polepole katika hoteli za kulala, ambako gari huegeshwa usiku kucha. Vituo vya kubadilishia betri za bodaboda navyo huleta wateja wa kila siku, kwani kubadilisha betri huchukua dakika chache tu.

Muhimu zaidi ni utunzaji. Mashine moja ikiharibika Nairobi, dereva hutafuta nyingine mtaa wa pili. Ikiharibika katika mji wenye mashine moja pekee, safari huishia hapo, na habari hiyo ikienea, wengine hawataanza safari kabisa.