Bela alichora na vidole

Mu kambi batu wengi wanachoraka. Kisha kazi, kisha kula, baba anakamata biki na karatasi ya daftari ya mtoto. Kisha anaificha: "Mukono yangu iko nzito, ni ya chuma."

Basi, tumukumbuke Bela Sara. Alikuwa mtumishi ku nyumba ya Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, hapa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville. Mwaka 1946 yule bwana alifungua atelye, batu bakaiita Le Hangar. Bela aliacha pinso, akatia vidole mu rangi, doa kwa doa, mpaka picha inatokea. Mwenze Kibwanga alijaza picha na mistari mifupi mifupi. Pilipili Mulongoy alipenda samaki na ndege. Atelye moja, kila mtu na mukono yake, na Romain-Desfossés hakutaka waige Wazungu.

Kwetu, unamuonyesha rafiki picha, anasema tu "ni muzuri", ama anacheka. Ile haisaidie. Afazali aulize: huyu ndege, juu ya nini ulimupa jicho kubwa hivi? Mwenye kuulizwa vile, kesho atachora ingine.

Na wee mama, kama bwana yako anachafua meza na rangi, umuachie kwanza kona moja.