Mlango Uliokwaruzwa Hauponi kwa Kupakwa Rangi

Wahenga walipotuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakusema ufa ufunikwe, walisema uzibwe. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili, kufunika na kuziba, ndiyo ninayokusudia kuijadili leo. Mfano wangu ni kitu ambacho kila mmoja wetu hukigusa kila siku bila kukitia maanani: mlango wa mbao uliokwaruzwa na mbwa au kuparurwa na paka.

Yamkini msomaji ataliona jambo hili kuwa dogo mno kwa ukurasa wa maoni. Naomba alizingatie kwanza. Katika miji yetu, familia nyingi huishi katika nyumba za kupanga, na aghalabu mpangaji hulipa amana kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Siku ya kuhama inapowadia, mwenye nyumba huja kukagua. Mpangaji aliyefuga mbwa, akijua kwamba sehemu ya chini ya mlango imechimbika, humwita fundi usiku wa kuamkia ukaguzi. Puti hupakwa, rangi hufuata, na amana hurejeshwa. Haupiti muda mrefu kabla puti ile ya haraka haijanyauka na kubanduka. Mpangaji mpya, ambaye pengine hajawahi kufuga hata kuku, hutakiwa alipie makucha ya mnyama asiyemjua. Hapo ndipo mlango unapoacha kuwa suala la useremala na kuwa suala la haki.

Simlaumu fundi, wala siipingi rangi. Rangi ni vazi la mbao na huikinga dhidi ya unyevu na uchafu. Ninachopinga ni kuivisha mbao yenye jeraha ili jeraha lisionekane. Nashikilia kwamba tengenezo la kweli lina mambo matatu: kukijua chanzo, kuitibu mbao, na kumwambia ukweli mwenye mali. Likikosekana lolote kati ya hayo, kilichobaki ni kificho tu.

Tuanze na chanzo. Paka haparuri mlango kwa inda. Kuparura ni maumbile yake. Kwa kufanya hivyo hunyoosha misuli, huvua ganda la nje la kucha lililochakaa, na huacha alama ya kudai milki, kwani nyayo zake zina tezi zinazotoa harufu ambayo paka wenziwe huitambua. Mbwa naye ana sababu zake. Pengine anataka kutoka nje. Pengine ameachwa peke yake tangu alfajiri na upweke umemzidi. Pengine ametishwa na ngurumo za radi au milipuko ya fataki. Mwenye mbwa akichunguza ni wakati gani mikwaruzo mipya hutokea, ataijua sababu. Ikitokea kila anapokwenda kazini, tatizo ni upweke. Ikitokea usiku wa mvua, tatizo ni hofu.

Kumchapa mnyama hakusaidii kitu. Mbwa aliyekwaruza kwa hofu akipigwa huongezewa hofu, na kesho atakwaruza zaidi. Paka apewe mahali pake pa kuparura: gogo lililokitwa imara lisiyumbe, refu kiasi cha kumwezesha kujinyoosha wima, lililozungushiwa kamba ya katani, tena liwekwe karibu na mlango ule ule alioupenda. Mkonge hulimwa humu humu nchini, hivyo kamba yake si kitu cha kuagizwa ng'ambo. Mbwa naye atembezwe kabla ya kuachwa, na azoeshwe upweke kidogo kidogo, dakika chache kwanza, kisha muda zaidi. Hali ikizidi, daktari wa mifugo ndiye wa kuulizwa. Anayetengeneza mlango kabla ya kuyafanya haya anamwandalia mnyama ubao mpya wa kuandikia.

Jambo la pili ni mbao yenyewe. Kabla ya kushika msasa, ni sharti kuutambua mlango. Mlango wa mbao nzima, kama vile mvule, una unene wa kutosha kusuguliwa mara kadhaa katika maisha yake. Mlango bapa wa plaiwudi ni ngozi nyembamba iliyogandishwa juu ya fremu, na aghalabu ndani yake mna uwazi. Ukiusugua kwa nguvu utaitoboa ngozi hiyo, na utakuwa umefanya kwa dakika kumi kile ambacho mbwa alishindwa kukifanya kwa mwaka mzima.

Mikwaruzo nayo haifanani. Upo mbonyeo, ambao nyuzi za mbao zimekandamizwa bila kukatika. Huu hutibika kwa kitambaa chenye maji na pasi ya moto: mvuke huziingia nyuzi, nazo huvimba na kurudi karibu na mahali pake. Dawa hii ni ya mbao isiyo na rangi wala vanishi, na pasi isikawizwe mahali pamoja. Upo mkwaruzo wa juu juu, ambao umeikata rangi na kuigusa mbao kidogo. Huu huhitaji msasa tu, wa namba 120 kwanza, kisha 180 au 220, ukisuguliwa kwa kufuata nyuzi. Anayesugua kwa kukatiza nyuzi huacha michirizi ambayo haitaonekana mbao ikiwa kavu, lakini vanishi ikipakwa itajitokeza yote.

Kisha lipo shimo lenyewe, mahali ambapo makucha yamepita siku nyingi hadi mbao ikachimbika. Mafundi wengi huchanganya unga wa mbao na gundi wakalijaza. Njia hii ni nzuri kwa shimo dogo, na kwa mlango utakaopakwa rangi nzito. Kwa mlango wa vanishi ina kasoro moja: mahali palipolowa gundi hapanywi rangi ya mbao sawasawa, kwa hiyo kiraka hubaki na rangi tofauti na jirani zake. Shimo likiwa kubwa, dawa ya kudumu ni kiraka cha mbao. Fundi huikata sehemu mbovu kwa patasi mpaka apate kingo safi, huchonga kipande cha mbao ya aina ile ile, hukipachika kwa gundi nyuzi zake zikielekea upande mmoja na za mlango, kisha hukisawazisha kwa randa na msasa. Kiraka hicho huenda kikaonekana kwa mwenye jicho kali. Hiyo si aibu. Ni ushahidi kwamba palikuwa na jeraha na pametibiwa.

Tahadhari tatu zisisahaulike. Vumbi la mbao, hasa la mvule, huwasha pua na ngozi, kwa hiyo mdomo na pua vifunikwe. Rangi kuukuu huenda ikawa na madini ya risasi, ambayo huwadhuru zaidi watoto. Isikwanguliwe kavu ndani ya nyumba wanamoishi. Na iwapo mnyama amekojoa penye mlango, kwanza mahali hapo paoshwe vizuri. Kamwe dawa ya klorini isichanganywe na mkojo, kwa kuwa mkojo una amonia na mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu. Harufu isipoondoka, mnyama atarudi pale pale hata rangi iwe mpya namna gani.

Je, kila kufunika ni ulaghai? La hasha. Kuna bamba la chuma au shaba ambalo hufungwa kwa skurubu sehemu ya chini ya mlango. Bamba hilo likifungwa juu ya mbao iliyokwisha kutengenezwa, huwa ngao. Huonekana wazi, huondolewa wakati wowote, na yeyote anaweza kutazama kilichoko nyuma yake. Bamba hilo hilo likifungwa juu ya mashimo na mbao inayooza, ni kificho. Kifaa ni kimoja. Kinachotofautiana ni nia ya aliyekifunga.

Ikiwa mlango wa kawaida wa nyumba ya kupanga unastahili uangalifu huu, sembuse mlango wa nakshi? Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, unajulikana kwa milango yake ya kuchonga, na vilevile kwa paka na punda wake wanaopita vichochoroni mbele ya milango hiyo. Katika mlango wa namna hii, hekima ya kutengeneza hubadilika. Puti huziba mifereji ya nakshi, na msasa hula kingo ambazo mchongaji alizikata kwa mkono, zikishalika, hazirudi. Kanuni ya wahifadhi wa turathi ni kufanya machache iwezekanavyo, na kufanya lile linaloweza kutenguliwa baadaye. Kwa hiyo alama ya kucha iliyo ya juu juu ni afadhali isafishwe taratibu na kuachwa hapo, kuliko kufutwa pamoja na nakshi. Hapa ndipo tunapojifunza kwamba mtengenezaji mwema hujua pia wakati wa kuweka patasi chini.

Nawageukia sasa walimu na wanafunzi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulinuiwa, pamoja na mengine, kumpa mwanafunzi stadi za mikono. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka 2019, unatangaza nia iyo hiyo. Nathubutu kusema kwamba mlango mmoja uliokwaruzwa unaweza kuwa somo zima. Mwalimu wa sayansi ataeleza kwa nini nyuzi huvimba zinapopata mvuke. Mwalimu wa kilimo ataeleza tabia za wanyama. Mwalimu wa Kiswahili ataokoa msamiati ambao vijana wetu wanausahau: mwimo, kizingiti, bawaba, komeo, patasi, randa, na mfaa, yaani ule ubao wa katikati ya mlango wa mbao mbili unaoziba mwanya zinapokutana. Mwanafunzi asiyeyajua majina ya sehemu za mlango atamwelezaje fundi palipoharibika?

Lakini somo kuu ni lile la tatu, la kusema ukweli, na hili halihitaji karakana. Mpangaji aliyetengeneza mlango vizuri hana sababu ya kuogopa kumwambia mwenye nyumba: hapa mbwa wangu alikwaruza, nami nimepatia kiraka. Mwenye nyumba naye hana budi kutenda haki. Uchakavu wa kawaida, kama rangi iliyofifia kwa miaka, si deni la mpangaji. Na uharibifu uliokwisha kutengenezwa ipasavyo usilipiwe mara mbili. Watu wengi huficha kwa kuwa wameona aliyesema kweli akinyang'anywa amana yote, huku aliyepaka rangi akienda zake salama. Tukitaka wapangaji wakiri, wenye nyumba na wapime kwa mizani ya haki.

Mficha maradhi, husema Waswahili, kilio humfichua. Puti ya mlango hufichuliwa na mvua moja au na mlango kubamizwa kwa upepo. Wakati huo aliyeificha yuko mbali, na anayelia ni mwingine. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipimo cha kila tengenezo, liwe la mlango, la daraja au la daftari la hesabu: je, likifichuka kesho, ni nani atakayelipa? Ikiwa jibu ni mtu asiyehusika, basi fundi hajamaliza kazi yake, hata kama rangi imekwisha kukauka.