Boga na Mboga: Kufundisha Matamshi ya Kiswahili katika Madarasa ya Mwanzo, Thika na Ruiru

Sisi wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu tumeandika mengi kuhusu makosa ya matamshi. Mada ya athari za lugha ya kwanza imekuwa kama mgeni wa kudumu katika semina zetu, na matokeo yake twayajua kabla ya kuusoma ukurasa wa pili: mzungumzaji wa Kikuyu hubadilishana /l/ na /r/, na hutanguliza nazali mbele ya /b/, /d/ na /j/. Tukishalithibitisha hilo, huandika pendekezo la mstari mmoja kwamba walimu watilie mkazo matamshi, kisha hufunga kazi. Mwalimu wa gredi ya kwanza aliyeko Ruiru, mwendo mfupi tu kutoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, hafaidiki chochote na pendekezo hilo. Atilie mkazo vipi? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa mbinu ambazo mwalimu anaweza kuzitumia kesho asubuhi, tena bila gharama kubwa.

Ni vyema kwanza tuitazame hali ya lugha katika eneo lenyewe. Thika ni mji wa viwanda uliozungukwa na mashamba ya mananasi na kahawa, nao kwa miongo mingi umewavuta wafanyakazi kutoka kila pembe ya Kenya. Ruiru nayo imekua kwa kasi ya kushangaza: sensa ya mwaka 2019 ilihesabu huko watu wapatao 490,000, karibu maradufu ya Thika. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba katika madarasa 3 ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha itumikayo katika eneo la shule. Kwenye mitaa ya ghorofa za kupangisha iliyo kandokando ya Barabara Kuu ya Thika, lugha hiyo ni Kiswahili, mara nyingi kilichochanganyika na Sheng. Kwenye vijiji vya ndani ni Kikuyu. Watoto wa pande hizo mbili huketi kwenye dawati moja.

Sasa tulijadili kosa lenyewe. Katika Kikuyu, vipasuo ghuna havisimami peke yake. Huandamana na nazali, yaani /mb/, /nd/, /nj/. Herufi b ipo katika maandishi ya lugha hiyo, lakini sauti yake ni kikwamizi laini cha midomo, si kipasuo. Basi mtoto anapokutana na neno la Kiswahili lenye /b/, huchukua sauti ya kwao iliyo karibu zaidi na kusema *mbaba*, *ndada*, *njana*. Huo si uzembe. Mtoto huyo anatii kanuni ya lugha aliyonyonya, na anaitii kwa usahihi kamili. Mwalimu akilielewa hili, hata sauti yake anapomsahihisha mtoto hubadilika.

Naandika haya kwa sababu ya jambo nililolishuhudia. Niliwahi kukaa majuma machache kama msaidizi katika darasa la watoto wa miaka 6, katika shule moja iliyo baina ya miji hii miwili. Mvulana mmoja alisimama kueleza habari za nyumbani, akaanza, “Mbaba yangu...” Darasa zima likaangua kicheko. Aliyekuwa akifundisha naye alicheka, bila nia mbaya nadhani. Mvulana akaketi, na kwa siku 9 hakutamka neno la Kiswahili mbele ya wenzake. Nilizihesabu siku hizo. Nikajiambia kwamba iwapo fonolojia tuliyoisoma miaka minne haiwezi kumsaidia mtoto huyu, basi tuliisomea mtihani tu.

Siku ya 10 tulijaribu mchezo wa boga na mboga. Tulichora picha mbili kwenye vipande vya boksi: boga (ingawa wengi wetu nchini Kenya hulijua zaidi kwa jina la malenge) na fungu la sukuma wiki. Picha moja ikawekwa mlangoni, nyingine dirishani. Mwalimu hutamka neno moja, watoto hukimbilia picha inayohusika. Hatua hii ni ya masikio pekee. Hakuna anayetakiwa kusema kitu, kwa hiyo hakuna wa kuchekwa. Hatua ya pili ni ya pua. Kila mtoto huweka kidole juu ya pua yake na kusema *mboga* polepole: pua hutetemeka. Kisha husema *boga*, akiwa amefumba midomo kabisa kabla ya kuifungua: pua hutulia. Somo la nazali na kipasuo, lililotutoa jasho mwaka wa kwanza chuoni, watoto walilipata kwa dakika 10 huku wakicheka pua zao wenyewe. Hatua ya tatu ni ya mtoto kuwa mwalimu, atamke neno na wenzake wakimbie. Wakikimbilia picha asiyoikusudia, anajua mwenyewe kwamba ulimi umemponyoka, na hujirekebisha pasipo kukemewa. Yule mvulana alitaka zamu yake irudiwe mara tatu.

Jozi za mlinganuo finyu za namna hii zimejaa katika Kiswahili. Ruiru, kwa mfano, ni makao ya utafiti wa kahawa, na aina ya Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985 imebeba jina la mji huo. Kwa hiyo *buni* na *mbuni*, tunda na mti wake, ni jozi ambayo mtoto wa hapo anaweza kuishika mkononi. Mwalimu ajihadhari tu, kwani wakulima wengi wa kahawa nchini huita mbuni ile kahawa iliyokaushwa pamoja na maganda yake, na mtoto wa mkulima atambishia!

Kuhusu /l/ na /r/, jozi ni *kula* na *kura*, *kalamu* na *karamu*, *mahali* na *mahari*. Kikuyu kina /r/ lakini hakina /l/. Hapa jiografia humsaidia mwalimu wa Thika kwa namna ya pekee. Mji huu umepakana na Ukambani, na Kikamba kina /l/ lakini asili yake hakina /r/. Mtoto mmoja husema *kura chakura*, mwenzake husema *kupiga kula*. Badala ya kuwaona kama matatizo mawili, waketishwe pamoja: kila mmoja anacho asichokuwa nacho mwenzake. Wa Kikamba aongoze wimbo wa la-la-la, ulimi ukiwa umetulia kwenye ufizi na hewa ikipita pembeni. Wa Kikuyu aongoze mngurumo wa pikipiki, rrr. Sijui mbinu nyingine inayompa kila mtoto nafasi ya kuwa bingwa kwa sababu ya lugha ya nyumbani kwao.

Aidha, tusisahau kwamba Thika ina shule ya wasioona, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Walimu wa watoto wasioona wametangulia kujua kwamba herufi yaweza kupitia kidoleni. Trei ya mayai ikikatwa ibaki vishimo 6, inakuwa umbo la nukta za Breli. Kokoto zikipangwa ndani, mtoto anayeona na asiyeona wanaweza kuisoma silabi moja.

Mwalimu mwenye watoto wengi darasani anaweza kuuliza wakati wa haya yote utatoka wapi. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003, wingi wa wanafunzi umekuwa kilio halali. Mradi wa Tusome, ulioenea nchini kuanzia mwaka 2015, ulimletea mtoto kitabu chake mwenyewe, jambo ambalo si dogo. Hata hivyo kitabu hakiwezi kuweka kidole puani. Dakika 5 kabla ya mapumziko zatosha, jozi moja kwa juma. Na mtoto anaposimulia habari za babake, aachwe amalize.

Nilipokaribia kuondoka, yule mvulana alileta tatizo jipya. Alikuwa ameishika kanuni barabara, akaja na tunda mkononi na kutangaza kwa fahari kwamba mamake amempa *dizi*. Mwalimu hakucheka mara hii. Alichukua kipande cha boksi, akachora ndizi, kisha akamwuliza, “Pua inasemaje?”