HISTORIA ILIYO KANDO YA NJIA
Matembezi ya siku mbili katika nchi ya Kakamega

Wako watu wengi waliozaliwa Kakamega, wakalelewa na kusoma huko, ambao hupita barabara ya Kisumu kila juma. Lakini mgeni akiwauliza kwa nini makao ya serikali yaliondoka Mumias, au ni nani aliyechimba mashimo ya Rosterman, hujibu, "Hayo waulize wazee." Jibu hilo si la aibu. Walakini lina hasara ndani yake, maana wazee hawakai milele, wala mahali penyewe hapabaki jinsi palivyokuwa.

Basi katika makala haya twataka kumwonyesha msomaji jinsi awezavyo kujifunza historia ya nchi hii yeye mwenyewe, pasipo kungoja mwalimu wala kiongozi wa watalii, kwa miguu, kwa baiskeli au kwa gari. Siku mbili zatosha. Siku ya kwanza ni ya mji wa Kakamega na upande wa kusini na mashariki yake. Siku ya pili ni ya Mumias na Butere. Tena twataka aone jambo moja kubwa, ya kwamba historia hii haikai mahali pamoja. Jambo lile lile husimuliwa namna moja hapa na namna nyingine kule, na asiyefika pande zote mbili amesikia nusu ya habari.

MATAYARISHO

Yafaa kuondoka mapema asubuhi, kwa sababu mvua ya Kakamega hupenda kunyesha alasiri, tena kwa ngurumo. Chukua koti la mvua, viatu vya kutembelea matopeni, daftari na kalamu. Ukiweza, mchukue kijana mmoja wa nyumbani kwako, kwa maana habari isikiwayo na masikio mawili ya umri mmoja hufa pamoja nayo.

Kila ufikapo mahali palipo katika shamba la mtu au karibu na makaburi, bisha hodi kwanza. Mwone liguru au mzee wa mtaa, umweleze jina lako, kwenu, na sababu ya kuja. Mgeni aliyejitambulisha huambiwa mengi, lakini anayechungulia ua wa watu hudhaniwa kuwa mnunuzi wa ardhi au mwizi.

SIKU YA KWANZA: MJI NA DHAHABU

Anza mjini kwa miguu. Kakamega si mji wa kale sana kwa habari za utawala. Makao ya wilaya iliyoitwa zamani Kavirondo ya Kaskazini yalikuwa Mumias, yakahamishiwa hapa mwaka 1920. Zitazame ofisi za serikali, soko na makanisa, ukakumbuke ya kuwa mji huu ulikua kwa kalamu ya serikali kwanza, kisha kwa sururu ya wachimba dhahabu.

Habari ya dhahabu ndiyo inayostahili kufikiriwa zaidi. Katika mwaka 1931 mlowezi mmoja Mmarekani, jina lake L. A. Johnson, aliona dhahabu katika mto Yala. Wakati ule bei za mazao zilikuwa zimeshuka duniani kote, na wakulima wengi wa Kizungu katika Kenya walikuwa wameharibikiwa. Muda si muda mamia yao wakaja Kakamega, wakapiga mahema, wakaanza kuchimba katika nchi iliyokuwa imetengwa kwa Waafrika.

Sasa msomaji na aangalie tarehe hizi. Mwaka 1930 ilikuwa imetungwa sheria ya kulinda ardhi ya Waafrika. Sheria ile ilisema ya kuwa ardhi iliyotengwa ni ya wenyeji milele, na kama kipande kikichukuliwa kwa kazi ya watu wote, hapana budi kipande kingine cha thamani ile ile kitolewe badala yake. Kabla ya miaka mitatu kupita, mwezi wa Desemba 1932, sheria hiyo ilibadilishwa kwa ajili ya dhahabu ya Kakamega. Ardhi yenye dhahabu ikaweza kuondolewa katika hifadhi, na mwenyewe akalipwa fedha tu pasipo kupewa ardhi nyingine. Jambo hili lilizusha maneno mengi hata katika Bunge la Uingereza, na huku nyumbani liliwatia watu hofu kubwa. Katika miaka hiyo hiyo ikaundwa North Kavirondo Central Association, chama cha wenyeji kilichosema waziwazi juu ya ardhi yao.

Ukiyajua hayo, nenda Rosterman, karibu na mji. Hapo ndipo palipokuwa mgodi mkubwa kuliko yote ya Kakamega, uliofungwa mwaka 1952. Usitazamie kuona mitambo mikubwa ikinguruma. Utaona nyumba za watu, mashamba, na vijana wanaotafuta dhahabu kwa mikono katika ardhi ile ile. Simama, uulize: shamba hili lilikuwa la ukoo gani kabla ya mwaka 1931? Mwenyewe alilipwa nini? Baada ya mgodi kufungwa, ardhi ilirudi kwa nani? Mtu aliyekuwa na miaka kumi mgodi ulipofungwa sasa amepita miaka themanini. Maswali haya hayawezi kungojea mwaka ujao.

Onyo: Usiingie kamwe katika shimo la mgodi, liwe la zamani au la sasa, hata ukiambiwa ni salama. Udongo wa mashimo hayo huporomoka ghafula, hasa baada ya mvua, na watu wengi wamekwisha kupoteza maisha yao humo.

Kutoka mjini shika barabara ya Kisumu. Baada ya kilomita chache utafika Ilesi, ambapo wafinyanzi hupanga vyungu vyao kando ya njia. Hapo karibu lipo jiwe lilialo, ambalo kwa lugha ya wenyeji huitwa Ikhongo Murwi. Ni mwamba mrefu ufananao na mtu aliyeinamisha kichwa juu ya mabega yaliyochoka, na maji hutiririka katika mfereji ulio usoni pake kama machozi. Wengine husimulia ya kuwa zamani alikuwa binti aliyekatazwa na baba yake kuolewa na mtu ampendaye, akalia hata akageuka jiwe. Wataalamu wa miamba watakuambia ya kuwa mvua na jua la miaka mingi vimelichonga. Andika maneno yote mawili, wala usimcheke mwenye hadithi. Hadithi ile yakufundisha jinsi watu wa hapa walivyofikiri juu ya binti, baba na ndoa, nalo ni jambo la historia pia.

Ukiendelea mbele utafika misheni ya Mukumu, iliyoanzishwa na mapadre wa Mill Hill mwaka 1906, kisha soko la Khayega. Hapo iache lami, ugeuke upande wa kushoto kuelekea Shinyalu. Nchi hii ni ya Waisukha, na majirani zao ni Waidakho. Ngoma yao, Isukuti, hupigwa kwa ngoma tatu za ukubwa mbalimbali katika harusi, matanga na sherehe nyingine. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi wa dunia unaohitaji kulindwa kwa haraka. Neno "kwa haraka" si la heshima tupu. Maana yake ni kwamba wapigaji wanazeeka, na vijana wanaojifunza ni wachache.

Maliza siku yako katika msitu wa Kakamega, kwa kuingia upande wa Isecheno. Msitu huu ni mabaki ya misitu ya mvua iliyoenea zamani kutoka Kongo hata huku, na katika Kenya hakuna mwingine wa namna yake. Mwaka 1933, yaani katika siku zile zile za dhahabu, uliwekwa chini ya ulinzi wa serikali. Panda kilima cha Lirhanda. Ubavuni mwake liko shimo lililochimbwa na watafuta dhahabu, ambalo sasa ni makao ya popo. Kutoka juu utauona msitu na mashamba vikipakana kama nguo mbili zilizoshonwa pamoja. Waulize wakazi juu ya mukombero, mzizi utafunwao na kupendwa sana, na juu ya miti ya dawa. Nao watakuambia ni nani aliyeingia msituni kwa ruhusa ya wazee kabla haijaja ruhusa ya serikali.

SIKU YA PILI: MUMIAS NA BUTERE

Siku ya pili yataka gari au matatu, kwa maana Mumias iko mbali kidogo, kilomita thelathini na zaidi upande wa magharibi. Zamani mahali hapa paliitwa Lureko, nayo ilikuwa makao ya Nabongo, mfalme wa Wawanga. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilifika hapa katika zamani za Nabongo Shiundu, ikitafuta pembe za ndovu na vyakula. Ndiyo sababu Uislamu ulitia mizizi Mumias mapema, na Kiswahili kikasikika hapa kabla Wazungu hawajafika.

Mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson alifika akamkuta Mumia, mwana wa Shiundu, akiwa ndiye mtawala. Mwaka 1885 alipita Askofu James Hannington akielekea Buganda, akauawa Busoga. Mifupa yake ililetwa hapa, ikakaa mpaka ilipopelekwa Namirembe kuzikwa mwaka 1892. Baadaye njia kuu ya kwenda Uganda ilipitia hapa, na nchi hii yote ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hata mwaka 1902.

Kwa nini basi Mumias haikuwa mji mkuu wa magharibi? Sababu moja ni reli. Ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo iliyokuwa ikibebwa vichwani kupitia Mumias ilianza kwenda kwa gari la moshi na meli. Njia ya misafara ikanyauka kama mto uliogeuzwa mkondo. Mumia mwenyewe alifanywa chifu mkuu mwaka 1909, lakini baada ya miaka kumi na mmoja ofisi za serikali zikahamia Kakamega. Alifariki mwaka 1949, mzee sana.

Kutoka mjini Mumias nenda Matungu, kilipo Kituo cha Utamaduni cha Nabongo, na Eshiembekho, mahali pa makaburi ya wafalme wa Wawanga. Ingia kwa adabu, uvue kofia, wala usipige picha kabla ya kuruhusiwa.

Usirudi nyumbani kutoka hapo. Shuka mpaka Butere, katika nchi ya Wamarama. Hapo utaona misheni iliyoanzishwa na Waanglikana mwaka 1912. Lakini jambo kubwa ni kuwasikiliza watu. Katika siku za ukoloni Mulama, ndugu yake Mumia, alikuwa chifu wa Wamarama, na ndugu mwingine, Murunga, alitawala sehemu ya Wabukusu. Mumias utasikia habari za ufalme na hekima ya kukaribisha wageni. Butere utasikia pia malalamiko ya watu waliotawaliwa na chifu asiyekuwa wa kabila lao. Msikilizaji mwema hamtetei mmoja wala hambishii mwingine. Huandika maneno yote, pamoja na jina la mahali yaliposemwa.

MASWALI YAFAAYO KUULIZWA

1. Mahali hapa paliitwaje kabla ya jina la sasa, na maana yake ni nini?
2. Ukoo gani ulikaa hapa kwanza, nao ulitoka wapi?
3. Ni kitu gani kilichokuwapo hapa ambacho sasa hakipo?
4. Habari hii uliisikia kwa nani, au uliiona kwa macho yako?

Swali la nne ndilo kubwa kuliko yote, kwa kuwa hutenga ushahidi na uvumi. Na ukiokota kigae cha chungu au chuma cha mgodi, kiache mahali pake. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yalinda vitu vya kale, na kitu kilichoondolewa mahali pake hakiwezi tena kusema kilitoka wapi.

Urudipo nyumbani, yaandike uliyoyasikia kwa nakala mbili. Moja iwe ya nyumba yako, ya pili uipeleke shule iliyo karibu. Mwaka 1932 watu wa Kakamega waliona jinsi ahadi iliyoandikwa ilivyoweza kubadilishwa na waliokuwa na kalamu. Watoto wao leo wanazo kalamu. Anayejua shamba la babu yake lilianzia mti gani na kuishia kijito gani, na ni nani aliyeshuhudia, hadanganywi kwa urahisi. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Nayo asili ya Kakamega iko kando ya barabara, yamngoja atakayesimama na kuuliza.