Motokari Inayoruka Nyuma: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kuongeza Chuma



Umenunua Hilux ya mkono wa pili. Kila ukipakia magunia na mafuta ya mawese kutoka Kamituga, nyuma inalala mpaka karibu kugusa barabara. Umekwenda kwa fundi. Amekuongezea majani mawili ya resori kila upande, ameweka kipande cha chuma kati ya ekseli na resori ili motokari inyanyuke, na amefunga mipira mikubwa. Sasa inasimama kama askari kwenye gwaride, na majirani wanakusifu.

Siku ya mapumziko unatoka Kamanyola na familia, bila mzigo, unapanda mlima wa Ngomo. Kwenye kona yenye changarawe unakanyaga mafuta. Mara nyuma inaanza: du-du-du-du! Ekseli inatetemeka, watoto wanarushwa kwenye kiti, na mkia wa motokari unaelekea upande wa korongo.

Utauliza: jambo hili la garaji linahusu nini ukurasa wa Usalama na Afya? Linahusu sana. Gurudumu lililo hewani halivuti, halifungi breki wala halishiki kona. Tena, kila linapoanguka chini linapiga shafti na gia za ekseli kama nyundo. Shafti ikikatika katikati ya mlima, hakuna wa kukungoja utengeneze.

UGONJWA UNATOKA WAPI?

Injini inapozungusha magurudumu kwenda mbele, ekseli yenyewe inasukumwa kuzunguka kinyume. Pua yake, pale shafti ndefu inapoingia, inataka kuinuka juu. Kinachoizuia ni resori. Hapo resori inajipinda kama herufi S na kujikaza. Mpira ukiteleza kidogo, resori inajifyatua na kurudi, na gurudumu linaruka. Likishuka linashika tena ardhi, resori inajipinda tena, linaruka tena. Mchezo huo unarudiwa mara nyingi katika sekunde moja. Ndiyo ile sauti ya du-du-du.

Sasa angalia yale tuliyoyaongeza. Kipande cha chuma kilichonyanyua motokari kimeiweka ekseli mbali na resori, basi nguvu ya kuipinda imepata mkono mrefu zaidi, kama mtu anayefungua nati kwa ufunguo mrefu. Majani magumu yanarudi kwa nguvu kubwa, lakini amotisere ni zile zile za zamani. Kazi ya amotisere ni kutuliza resori. Resori ikipata nguvu na amotisere ikabaki dhaifu, ni kama mgodi wenye mashine mpya na breki za zamani.

Tena majani yale yaliongezwa kwa ajili ya mzigo. Motokari ikiwa tupu, hayapindi vizuri, na kila shimo linaitupa nyuma juu.

Usidhani kwamba resori ya majani yenyewe ni kitu kibaya. Joginder Singh wa Kenya alishinda Safari Rally mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, motokari ndogo ya mashindano iliyokuwa na ekseli nzima nyuma, juu ya resori za majani. Kinacholeta ushindi si wingi wa chuma. Ni vipande vinavyopatana.

SIKILIZA KWANZA: INARUKA LINI?

Daktari hakupi dawa kabla ya kukuuliza unaumwa wapi. Fanya vile vile.

Ikiruka unapokanyaga mafuta, hasa kwenye mlima au changarawe, shuku resori inayojipinda, kipande cha kunyanyua na boloni zilizolegea.

Ikiruka unapofunga breki, resori inaweza kuwa inajipinda upande wa pili. Lakini kagua na ngoma za breki: ngoma isiyo duara inashika na kuachia.

Ikiruka kwenye barabara yenye mawimbi, ile inayokuja wakati wa jua kali, iwe unakanyaga mafuta au la, anza na amotisere na upepo wa mipira.

Ikitetemeka kwenye lami nzuri kwa mwendo ule ule kila mara, pengine tatizo si resori. Tazama mpira uliovimba, jante iliyopinda au gurudumu lisilosawazishwa.

KAGUA KWA UTARATIBU

Anza na jambo lisilo na gharama. Rekebisha moja, jaribu, halafu endelea. Ukibadilisha vitu vitano pamoja hutajua kipi kilichoponya.

1. Upepo wa mipira. Pima asubuhi, mipira ikiwa baridi, na ufuate kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva. Mpira uliojaa kupita kiasi unadunda kama wa watoto. Kama umefunga mipira ya kipimo kingine, muulize muuzaji kiasi chake.

2. Boloni zenye umbo la U zinazofunga resori na ekseli. Baada ya kuongeza majani, hizi hulegea katika siku za kwanza, kwa sababu vyuma vipya vinajikalisha. Zikazwe tena baada ya safari za mwanzo. Alama ya kutu nyekundu au chuma kinachong'aa pembeni ni dalili kwamba kitu kinasogea.

3. Mipira midogo kwenye masikio ya resori. Ikipasuka au ikiisha, resori inacheza mbele na nyuma.

4. Amotisere. Tazama kama mafuta yanavuja. Usiamini sana ile desturi ya kukandamiza motokari kwa mikono na kuiachia, maana resori ngumu itakudanganya. Njia nyingine: baada ya safari ya barabara mbaya, sogeza mgongo wa mkono taratibu karibu na kila amotisere. Inayofanya kazi hupata joto. Iliyo baridi kati ya wenzake huenda imekufa. Hakikisha pia kwamba urefu wake unatosha motokari iliyonyanyuliwa, isije ikavutika mpaka mwisho na kugonga.

5. Kipande cha kunyanyua. Kama hiki ndicho chanzo, kiondolewe au kipunguzwe. Kipande cha mti ni marufuku kabisa.

6. Majani. Kama safari nyingi unakwenda bila mzigo, rudisha idadi ya zamani. Kumbuka kwamba jani la nyongeza haliongezi nguvu ya breki, ya ekseli wala ya shasi. Uzito ulioruhusiwa na kiwanda unabaki ule ule.

Ukimaliza yote sita na bado inaruka, fundi mwenye ujuzi anaweza kufunga fimbo ya chuma kutoka ekseli mpaka shasi ili kuizuia pua isiinuke. Hiyo ni dawa ya mwisho. Ikifungwa vibaya inavunja pale ilipochomelewa.

USALAMA CHINI YA MOTOKARI

Bukavu yetu ni mji wa vilima. Tafuta mahali tambarare na pagumu, zuia magurudumu kwa vigingi, na usilale chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake. Weka vikalio imara chini ya shasi. Usifungue boloni za U wakati resori imebeba uzito: chuma kilichojikaza kikiruka kinavunja taya. Vaa miwani ya kazini. Kofia na viatu vya mgodini vina faida hata nyumbani.

Ukitaka kuiona ekseli ikijipinda, usimweke mtu mbele wala nyuma ya motokari. Weka simu chini kwa pembeni, mbali kidogo, ipige video wakati unaondoka polepole kwenye uwanja mtupu.

UKIWA BARABARANI

Nyuma ikianza kuruka, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu. Usifunge breki kwa nguvu. Acha magurudumu yashike, kisha endelea polepole. Kwenye changarawe au potopoto, ingiza nguvu ya magurudumu manne, ili ekseli ya nyuma isibebe kazi yote. Kwenye lami kavu usifanye hivyo. Wala usitie gunia la mawe nyuma ili itulie: siku ya ajali gunia hilo litakuja mbele.

Na wewe mama, ukiona watoto wanarushwa au mgongo unakuuma baada ya kila safari, usinyamaze. Wewe ndiwe unayekaa nyuma, basi wewe ndiwe unayejua kwanza. Mwambie mwenzako asimamishe motokari. Kukagua boloni nne kunachukua saa moja, na familia inafika nyumbani nzima.