Mwenye Phoenix apewe mita zake

Shinyanga ni mji wa baiskeli. Kabla bodaboda hazijajaa, daladala ya hapa ilikuwa baiskeli yenye siti ya sponji juu ya keria, na kijana aliyeiendesha alipandisha abiria mchana kutwa kwenye jua la Usukuma. Huko vijijini baiskeli hiyohiyo ilibeba gunia la mkaa, madumu ya maji, mgonjwa na pamba. Nenda Kahama, vuka mpaka hadi Geita, kwenye vijiji vya wachimbaji wadogo kama Nyarugusu na Rwamgasa, utakuta habari ni ileile. Watu waliokuzwa na kazi hiyo wana mapafu na mapaja ambayo makocha wa nchi nyingine huyatafuta kwa fedha nyingi.

Hata hivyo mashindano ya baiskeli ukanda huu yameishi kwa kubahatisha. Kulikuwa na mbio za Vodacom Mwanza Cycle Challenge, zilizowakusanya waendeshaji wa Mwanza, Shinyanga, Arusha na kwingineko, zikiwa na nafasi ya wanawake na ya walemavu wa baiskeli za matairi matatu. Zilipendwa sana. Lakini mbio za namna hii huja na mdhamini na huondoka naye. Wakati huohuo pikipiki ikaja kwa kasi. Mwaka 2010 serikali ilipotoa kanuni za leseni kwa pikipiki za abiria, biashara iliyokuwa ikiwafua vijana kwa pedeli ilikuwa imeshaanza kuhamia kwenye injini.

Lipo tatizo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni mstari wa kuanzia. Baiskeli ya kazi ya Phoenix au Avon ina uzito wa kilo 20 hivi, tena haina gia. Baiskeli ya mashindano inaruhusiwa kimataifa kushuka hadi kilo 6.8. Ukiwapanga wenye baiskeli hizo mbili kwenye mstari mmoja na kupuliza filimbi, unapima mfuko wa mtu, nguvu zake huzioni. Kijana wa Maganzo akishashindwa hivyo mara mbili harudi tena, na watazamaji waliokuja kumshangilia hawarudi pia.

Dawa yake ilishabuniwa zamani, tena kwenye nchi ya dhahabu kama hii yetu. Australia ya karne ya 19 ilijaa miji ya wachimbaji, na huko zilishamiri mbio za kutangulizana. Mji wa Stawell, uliozaliwa na dhahabu, ulianza mbio zake za miguu za namna hiyo mwaka 1878, na hadi leo hukimbiwa kila Pasaka. Kwa baiskeli, Melbourne ilianzisha mbio za uwanjani za Austral mwaka 1887.

Utaratibu wake ni rahisi. Bingwa huanzia mita sifuri. Wengine hutangulizwa mita 30, 80 au 150, kadiri mpangaji anavyowajua. Filimbi ni moja na wote huondoka pamoja. Walio nyuma hulazimika kukata upepo kwa zamu ili wawafikie walio mbele, na walio mbele nao washirikiane wasifikiwe. Mpangaji akiwa hodari, mzunguko wa mwisho huwakuta wote wamebanana na hakuna anayejua nani atashinda. Fundi seremala au mchimbaji anaweza kumshinda bingwa wa dunia bila kuonewa wala kupendelewa.

Mbona basi zimefifia hata huko? Zilioza kwa fedha. Mwendeshaji alijilegeza msimu mzima ili apewe mita nyingi siku ya zawadi kubwa. Wengine waligawana ushindi kabla ya kupanda baiskeli. Mwaka 1901 Mmarekani Bill Martin alishinda Austral katikati ya tuhuma za hongo, huku wacheza kamari wakitajwa nyuma yake. Baadaye Olimpiki ikamaliza kazi: haina mbio za kutangulizana, na mashirikisho hupeleka fedha kwenye medali. Hata mbio ndefu za barabarani za Melbourne hadi Warrnambool, zilizoanza mwaka 1895, ziliacha kutangulizana katikati ya miaka ya 1990. Jimbo la Tasmania ndilo bado linazishikilia kwa moyo, kwenye matamasha ya Krismasi ya Latrobe, Devonport na Burnie.

Naamini zingepata makazi mazuri Usukumani. Wasukuma wamezoea mashindano ambayo umma ndio mwamuzi: vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mpangaji wa mita naye si wa kuagizwa nje. Fundi baiskeli mzee wa pale sokoni anajua nani ana mguu, nani anajilegeza na baiskeli ya nani ina beringi mbovu. Mpe chokaa na daftari. Ila wenye kampuni za kubeti wakae mbali kabisa, maana tumeona walichofanya wenzao wa Melbourne.

Fedha zipo. Mgodi wa Geita, GGML, tangu mwaka 2002 umeendesha Kili Challenge, ambapo watu hupanda Kilimanjaro na wengine huuzunguka mlima kwa baiskeli kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Ni jambo jema na liendelee. Lakini baiskeli inayozungushwa kwenye mlima wa Wachaga inaweza pia kuzungushwa Nyankumbu, Geita. Na jirani zetu wametutangulia: Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Sisi tuliyatazama kwenye simu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa maofisa michezo wa Shinyanga na Geita, na kwa CHABATA, chama chetu cha baiskeli. Maonesho ya Teknolojia ya Madini yanafanyika Geita kila mwaka, na umati unakuwa umeshafika. Chukueni alasiri moja tu. Choreni duara la mita 400 kwa chokaa, wekeni zawadi ya baiskeli mpya badala ya bahasha, watangulizeni wanawake na wenye baiskeli za kazi kwa mita wanazostahili, kisha pulizeni filimbi.